Mkwe Asiyetaka Kukaa

Mimi hasira zangu ziko karibu. Watu wote wa hospitali yetu wanalijua hilo, na sioni sababu ya kulificha. Nimefanya kazi katika chumba cha vidonda kwa miaka ishirini na miwili. Daktari anakata kwa saa moja, anavua glavu, anaenda kunywa chai. Shimo analiacha kwangu. Mimi ndiye ninayelisafisha leo, kesho na kesho kutwa, mpaka lijae, na mwenye shimo akilia ananililia mimi. Kwa hiyo daktari akijisifu kwamba amefanya operesheni nzuri, huwa namuuliza kwanza: nzuri kwa nani?

Jina langu ni Godelieve. Kaka yangu Isidore anakaa mtaa wa Kataki na mke wake, Précieuse. Binti yao mkubwa, Annie, anafundisha darasa la tatu. Huyo Annie ndiye chanzo cha maneno haya yote, ingawa hakufanya kosa lolote zaidi ya kumpenda dereva.

Dereva mwenyewe anaitwa Nathanaël. Kwao ni Kabalo, lakini kazi yake ni kuendesha lori la saruji kati ya Kabimba na hapa Kalemie, na mashimo ya barabara ile kila mtu anayajua. Ni kijana mrefu, mpole, na ana nywele mwilini ambazo sijapata kuona: ndevu zinapanda mpaka karibu na macho, na mikono ni kama amevaa sweta. Annie alisema nywele ndizo alizozipenda kwanza. Sikutaka kuuliza zaidi.

Jumapili moja alikuja kujitambulisha. Sasa, nyumbani kwa kaka yangu tuna desturi ya kiti, tuliyoirithi kwa bibi yetu. Kijana anayekuja kuomba mke haletewi kiti na watoto. Mama wa msichana anakileta mwenyewe, anakipangusa kwa ncha ya kitenge alichovaa, anakiweka mbele ya kijana, na kusema neno moja tu: kaa. Kijana akikaa, amekubali nyumba. Haikuandikwa mahali popote, na hakuna aliyewahi kuiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kukataa.

Précieuse alileta kiti, akakipangusa vizuri, akakiweka.

"Kaa."

"Aksanti, Mama," alisema Nathanaël. "Niko muzuri vile. Nitasimama tu."

Précieuse alifikiri kijana hakusikia. Akapangusa tena, mara hii kwa nguvu.

"Kaa, mutoto."

"Mama, unisamehe. Nimekaa sana mu lori."

Na kweli hakukaa. Alisimama saa nzima katikati ya sebule, chupa ya soda mkononi, jasho likimtoka, huku sisi tumekaa tunamtazama kidevu kutoka chini. Alijibu maswali yote ya kaka yangu kwa adabu. Kisha akaaga, akaondoka kwa hatua fupi fupi, na kiti kikabaki pale kitupu.

Précieuse hakungoja hata lango lifungwe.

"Ule muntu amekataa kiti yangu! Mara mbili! Eti amekaa sana mu lori. Basi lori yake njo iko bora kuliko nyumba yangu?"

Kaka yangu alikuna kichwa. Annie alikimbilia jikoni kulia. Na mimi, kwa kuwa ni lazima niseme ukweli, nilipiga kelele kuliko wote. Nilisema kijana ana majivuno, kwamba madereva wote ni hivyo, wakishika usukani wanajiona magavana, na kwamba mguu wake usikanyage tena Kataki. Nilirudi nyumbani nimeridhika sana na nafsi yangu.

Kesho yake asubuhi nilifungua chumba changu cha vidonda na kukuta mgonjwa wa kwanza amelala kifudifudi kitandani, suruali imeshushwa, uso umezama kwenye mto. Juu kidogo ya mfereji wa makalio, pale mgongo unapoishia, palikuwa na jipu jekundu lenye ukubwa wa limau, na nywele nyeusi zimeota pande zote. Nikachukua fishi yake, karatasi ya matibabu. Nikasoma jina. Nikasoma tena.

Mgonjwa akageuza kichwa polepole.

"Shangazi," alisema.

"Bwana Yesu," nilisema.

Daktari Éliane aliingia wakati huo huo. Ni mwanamke kijana, mfupi, alirudi kutoka masomoni miaka miwili iliyopita, na hana haraka ya kukata watu, ndiyo maana ninampenda. Alimpiga sindano ya ganzi, akapasua jipu kidogo pembeni, na usaha ukatoka. Nathanaël akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia la saruji. Halafu Éliane akamweleza ugonjwa wake.

"Hii haitoki ku uchafu, na haiko ugonjwa ya kulala na wanawake," alisema, maana aliona namna kijana alivyokuwa anaficha uso. "Njo nywele. Nywele inakatika, inaanguka mu mufereji hapa, weye unakaa, unarukaruka mu barabara, inaingia mu ngozi, pole pole, inatoboa kitundu. Ikisha ingia, ingine inafuata. Ndani inafanya njia, na ile njia inaoza. Leo nimetosha usaha, nimeitoa. Lakini vitundu na nywele viko ndani bado. Tungoje ipoe kwanza, kiisha tutaona namna ya kuimaliza."

Alipotoka, nilibaki na kijana na pamba yangu. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Jana yake tu nilikuwa nimemwita mwenye majivuno mbele ya ukoo mzima.

"Juu ya nini haukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema nini, Shangazi? Mama, siwezi kukaa ku kiti yako, matako yangu inatoa usaha? Siku ya kwanza ku bakwe?"

Nikachovya pamba nyingine. Hata mimi nisingesema.

"Shangazi, usiambie muntu," aliendelea. "Usiambie Papa, usiambie Mama. Na Annie, sana sana Annie, asijue."

Hakuwa na haja ya kuniomba. Katika kazi yangu siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na ninaishika. Kuna waheshimiwa wa mji huu wanaopita na magari yao vioo vimefungwa, na mimi ninajua wana nini chini ya suti, lakini hakuna binadamu aliyewahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Hata marehemu mume wangu alikufa bila kusikia hata moja.

Jumatano kaka yangu aliita kikao cha ukoo. Waliongea mengi, na mwisho Isidore akatoa uamuzi. Kijana atapewa nafasi moja tu. Baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi, aje na wazee wake kutoka Kabalo. Précieuse ataleta kiti mbele ya wote. Kijana akikaa, tutaendelea na mambo ya ndoa. Akikataa mara ya tatu, Annie atafute mtu mwingine, na jina la Nathanaël lisitajwe tena nyumbani.

"Pengine alikuwa na sababu," nilisema.

Vichwa vyote vikanigeukia. Siku tatu kabla nilitaka afukuzwe mjini.

"Sababu gani?" aliuliza Précieuse. "Kama unaijua, sema."

Nikanyamaza. Kwa mtu mwenye mdomo wangu, kunyamaza ni jambo linaloonekana, na wifi yangu aliliona.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Annie alikuwa anapita kwangu akitoka shule, anakaa kwenye mkeka na kuchezea chaki iliyobaki mkononi.

"Shangazi, hata tukienda kutembea kandokando ya ziwa, hakai," aliniambia. "Mimi nakaa ku jiwe, yeye anasimama. Naongea na magoti yake. Miezi ine sasa. Mwanaume mwenye kukupenda, hatakaa karibu yako?"

Nilitamani kumwambia. Badala yake nikampa samaki, na akala huku analia. Siku ya pili nikamkemea Nathanaël wakati ninamsafisha, nikamwambia amweleze Annie mwenyewe. Akazamisha uso kwenye mto akasema hakuna mwanamke atakayempenda mtu mwenye kidonda mahali kama pale. Nikamwambia hajui wanawake. Akasema hilo ni kweli.

Wiki nne baada ya jipu kupasuliwa, uvimbe ulikuwa umekwisha. Vilibaki vitundu vitatu vidogo vimejipanga katikati ya mfereji, na kimoja kilikuwa na unywele uliotokeza nje. Siku hiyo madaktari wawili walikutana chumbani kwangu: Éliane, na mzee Évariste, bingwa wetu wa upasuaji, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuhubiri uwanjani.

"Toa yote," alisema Évariste baada ya kuangalia. "Unakata kipande kizima mpaka karibu na mufupa, unatosha kila kintu, unaacha wazi, inajijaza yenyewe kutoka chini. Miaka makumi tatu niko nafanya vile."

"Inajijaza yenyewe?" nilisema. "Yenyewe ni nani, Docteur? Yenyewe njo mimi."

Akacheka, maana tumezoeana. Lakini sikuwa ninatania. Mwaka juzi alimkata hivyo Papa Célestin, fundi wa mashine za mitumbwi, na nikamfunga kidonda siku sabini na moja. Mpaka anapona nilikuwa ninajua majina ya watoto wake wote na yupi anaiba sukari. Kuna wengine, siwezi kukataa, waliokatwa na Évariste wakapona na hawakurudi kamwe. Papa Célestin alirudi. Nywele ziliingia kwenye kovu lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anyoe.

Éliane alivuta kiti akakaa.

"Docteur, kama ingekuwa na njia nyingi chini ya ngozi, ningekubali tukate sana," alisema. "Lakini hata vile singeacha wazi. Ningesogeza ngozi na nyama ya pembeni, nashona mbali kidogo na mufereji, sababu mushono wa katikati unafunguka mbio. Ile inashika muzuri, hairudi sana. Lakini ni operesheni ya kweli, na nyuzi, na kulala ku tumbo. Huyu ana vitundu tatu na njia moja fupi. Mimi ningetosha vitundu peke yake, kila kimoja na nyama kidogo ya pembeni, nasafisha njia, natosha nywele. Ganzi ya pale pale tu. Anarudi kwake leo leo."

"Na ikirudi?"

"Inaweza kurudi. Kati ya bantu kumi, wawili, pengine tatu, inabarudilia. Sifichi. Ikirudi, naweza kurudilia kazi ndogo, ao tunafanya ile kubwa wakati ile. Lakini tukianza na kubwa, hatuwezi tena kurudisha nyama."

"Kazi ya nusu," alinguruma Évariste.

"Docteurs," sauti ilitoka kwenye mto. "Niko hapa."

Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa bado amelala kifudifudi katikati yetu, suruali chini.

"Swali moja tu," alisema Nathanaël. "Kila namna, nitangoja siku ngapi mbele ya kukaa ku kiti? Niko na sherehe ku bakwe."

Évariste akasema kwa ile yake wiki nane, hata kumi, kwa kukaa vizuri. Éliane akasema kwa ile ya kusogeza nyama, kama nyuzi zitashika, wiki tatu. Kwa vitundu, baada ya siku tatu au nne atakaa kidogo, na baada ya siku kumi atakaa nusu saa nusu saa, akiinuka na kujinyoosha.

Nilihesabu kimoyomoyo. Jumamosi ya kiti ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Moyo wangu wote ulikuwa unasema vitundu, vitundu, lakini nilijua nusu ya moyo ule ni wa shangazi wala si wa nesi, kwa hiyo nikauma ulimi. Na Évariste, pamoja na ukali wake, alisema jambo la maana.

"Kijana, usichague juu ya sherehe. Sherehe inapita, matako inabaki."

"Kweli," alisema Éliane. "Kama ungekuwa na njia nyingi, ningekuambia ufute ile sherehe. Nakuambia vitundu juu ugonjwa yako iko ndogo. Njo sababu moja tu."

Nathanaël akachagua vitundu.

Kazi haikufika nusu saa. Éliane alitoa vipande vitatu vidogo kuliko punje ya maharagwe, kisha akaingiza kibano kwenye njia na kuvuta. Kikatoka kishungi cha nywele kilichojisokota, cheusi na kilicholowa, kirefu kama kidole changu cha mwisho. Nilikiweka kwenye sahani nikakitazama. Kwa ajili ya hicho, binti yetu alikuwa analia jikoni. Évariste akachungulia mlangoni, akaangalia vidonda, akasema "Njo hii tu?" akaenda zake. Hata mimi nilikaribia kuudhika, maana hapakuwa na shimo la kuziba. Niliweka kipande cha pamba safi nikajikuta sina kazi.

Éliane alimpa masharti: aoge kila siku, apakaushe, na nywele za sehemu ile zinyolewe kila wiki kwa muda mrefu.

"Nani atanyoa?" aliuliza Nathanaël. "Mimi sioni kule."

"Leo mimi," nilisema. "Ukioa, bibi yako."

Masikio yake yakawa mekundu. Sikujua kwamba mtu mweusi hivyo anaweza kuwa mwekundu.

Siku ya kumi na moja nilimkagua. Vidonda viwili vilikuwa vimefunga, cha tatu kilikuwa kinafunga. Nilimkalisha kwenye kiti cha mbao cha hospitali nikashika saa. Dakika ishirini alikuwa na amani. Dakika ya thelathini na tano alianza kuhema. Na mambo ya wazee, ninyi mnayajua: hotuba ya kwanza peke yake ni saa moja.

"Nitakaa, Shangazi," alisema. "Hata nikifa, nitafia ku kiti."

Nikarudi nyumbani nikiwaza, na hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nilichukua kitenge changu cha zamani, kile cha maua ya njano cha siku ya wanawake hospitalini, nikakisokota kuwa ngata kubwa, ile ya mviringo tunayoweka kichwani chini ya beseni. Nikaifunga kwa mafundo ili isifumuke. Mtu akikaa juu ya ngata, uzito unakwenda pembeni na katikati panabaki wazi. Jumamosi nilifika Kataki mapema kuliko wote, nikaiweka kwenye kile kiti, nikaifunika na kitambaa cha kusuka kilichokuwa juu yake. Sikumwambia mtu. Hata Nathanaël sikumwambia.

Wageni wa Kabalo walikuwa sita. Walikuwa wametumia siku tatu kwenye treni na bado walikuwa wamenyooka. Msemaji wao alikuwa Papa Josias, baba mdogo wa kijana, maana baba yake alishafariki. Nathanaël alivaa suti ya bluu na alikuwa amesimama nyuma ya wazee wake. Annie alikuwa mlangoni na nywele zimesukwa upya, hana hata tone la damu usoni.

Salamu zikaisha. Précieuse akasimama. Akakiendea kiti, akashika ncha ya kitenge chake ili apanguse, na bila shaka, kama mwanamke yeyote anayejua kupangusa, akainua kwanza kile kitambaa.

Hilo sikulifikiria kabisa.

"Dawa!" alipiga kelele. "Kuna dawa ku kiti!"

Wazee wa Kabalo wakaruka wote pamoja. Papa Josias aliangalia ile duara yenye mafundo na uso wake ukafunga.

"Njo vile munataka kumufunga mutoto yetu?" aliuliza. "Mumemufungia mafundo chini ya matako?"

"Sisi?" alisema Précieuse. "Nyinyi njo munaleta bintu ya Kabalo mu nyumba yangu!"

Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mama mmoja wa upande wetu alianza kuomba kwa sauti. Précieuse akainua ngata kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, na akaacha kusema.

"Hii kitambaa naijua," alisema. "Njo ya Shangazi Godelieve."

Sebule nzima ikanigeukia.

"Ni ya kwangu," nilisema. "Nimeiweka mimi."

"Juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi na lingemaliza kila kitu. Lakini halikuwa langu.

"Siwezi kusema."

Mnaweza kufikiri jinsi neno hilo lilivyosikika. Papa Josias akaanza kukusanya wenzake na kuulizia begi lake. Précieuse akarudi nyuma hatua moja, kutoka kwangu mimi, niliyemzalisha watoto wake watatu kati ya wanne. Na kaka yangu Isidore, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akanitazama na kuuliza polepole:

"Dada, umefanya nini?"

Hapo niliumia. Nimetukanwa na wagonjwa, nimetupiwa mikojo, lakini sijawahi kuumia hivyo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, na bado sikusema.

"Papa Josias, uache begi," alisema Nathanaël.

Alikuwa ametoka nyuma ya wazee wake. Jasho lilikuwa linamtiririka kama ile Jumapili ya kwanza. Alimtazama Annie muda mrefu, kisha akamgeukia kaka yangu.

"Papa, Mama, ile haiko dawa. Njo ya matako yangu."

Précieuse akaisogeza ngata mbali na uso wake.

"Niko na kidonda," aliendelea. "Hapa, ku mwisho ya mugongo. Nywele zangu zenyewe ziliingia mu ngozi, zikafanya jipu. Ile siku ya kwanza, Mama, sikukataa kiti yako. Singeweza kukaa ku kiti ya muntu yeyote, hata ya gavana; mu lori nilikuwa naendesha ku paja moja. Nilisikia haya ya kusema. Sasa wamenitibia, wametosha vitundu tatu, niko napona. Inaweza kurudi, hawajui, na mimi sijui. Shangazi anajua tangu kesho yake, juu yeye njo ananifunga. Nilimukataza kusema, na kazi yake inamukataza. Munamuona kama mulozi, kama muchawi, na yeye alinyamaza juu yangu. Ile kintu ameweka nikae bila kuumia. Basi. Kama munanikatalia, munikatalie mimi. Musimutukane."

Papa Josias alikaa chini, mkono mdomoni. Mabega yake yalianza kutikisika, na nikaona anajizuia kucheka kwa nguvu zake zote. Kaka yangu alikuwa anaangalia dari.

Annie ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka huku analia, ameshika fremu ya mlango.

"Miezi ine!" alisema. "Miezi ine nilifikiri hautaki kukaa na mimi! Kumbe ni matako!"

Basi sebule ikapasuka. Wa Kabalo walicheka, wetu wakacheka, yule mama wa maombi alicheka mpaka akaomba maji. Nathanaël alisimama katikati, suti imelowa, hajui kama amekubaliwa au amekwisha.

Précieuse peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika ngata yangu. Aliiminya kwa kidole gumba, hapa na hapa, namna tunavyominya parachichi sokoni.

"Hii iko ngumu sana," aliniambia. "Na haya mafundo. Itamuumiza."

Akaingia ndani. Tulimsikia anahamisha vitu jikoni. Akarudi na ngata yake mwenyewe, ile anayobebea beseni za ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka ufukweni tangu Annie ananyonya, laini na nene, imefuliwa mpaka rangi imepotea. Alikipangusa kiti kwa ncha ya kitenge, mbele, nyuma, na egemeo. Akaiweka ngata katikati, akairekebisha kidogo, akarudi nyuma kuitazama, akairekebisha tena.

Kisha akamshika Nathanaël kiwiko, namna wanavyoshikwa wagonjwa.

"Kaa pole pole, mutoto yangu," alisema.

Akakaa.